Sauti ya Pili ya Bibiane

Shemeji yangu Masumbuko alikuwa mtunzi wa nyimbo za kwaya, na nasema mapema kwamba nampenda, maana yatakayofuata hayataonyesha hivyo. Alizaliwa chini ya milima ya Itombwe, Kongo, akaja Sydney kama mkimbizi, akawa mpanga maboksi ghalani. Kila alipotoka zamu alisimama kwenye maegesho ya magari akitazama magharibi, iliko ile milima wanayoiita Blue Mountains, kidole hewani kikifuata mgongo wake. Mlima ukipanda, soprano ilipanda. Bonde likishuka, besi ilishuka nalo. Wenzake kazini walidhani ana wazimu wa Kiafrika. Mimi nilidhani ana wazimu wa kawaida tu.

Hakuandika noti hata moja. Katika kwaya yetu ya kanisa wimbo hutoka mdomoni ukaingia sikioni. Kila sauti hupewa mtu mmoja aishike, kisha yeye huwafundisha wenzake. Kurekodi mazoezi kulikuwa marufuku, kwa sababu kwaya ya jirani ikiupata wimbo wako ikakutangulia kuuimba, umekwenda na maji. Basi simu zote ziliwekwa kapuni, na kapu lilikaa miguuni pa Masumbuko.

Mwaka 2021 alitunga wimbo mkubwa kuliko zote, milima ya Itombwe na hii ya huku ndani ya wimbo mmoja. Sauti ya pili ilikuwa ukungu. Alimwimbia mkewe Bibiane, dada yangu, naye akacheka hadi akaweka mwiko chini.

"Ukungu haiendake vile. Weye ulitoka Itombwe ungali mtoto. Miye nililimaka ndani yake."

Akaimba wa kwake. Ulianza chini kabisa, karibu haupo, kisha ukajaa polepole. Masumbuko akasema, "Shika hiyo." Jumapili iliyofuata Bibiane angewafundisha akina mama. Jumapili hiyo makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona.

Mwezi wa nane Bibiane, aliyekuwa akihudumia wazee kwenye makao yao, alirudi kutoka kazini na homa. Siku ya nne gari la wagonjwa likamchukua. Sisi tulifungiwa karantini nyumbani, mtaa wa Mount Druitt: mimi, Masumbuko na binti yao Falone. Masumbuko alizunguka sebuleni akiitafuta ile sauti ya pili, anaikamata kidogo, inamponyoka.

"Haitoki," aliniambia. "Bila hiyo, wimbo ni mawe matupu."

Nilikasirika. Niliona anaulilia wimbo kabla ya mke. Sasa najua kwamba kwake vilikuwa kitu kimoja, lakini hasira yangu haijaisha.

Ijumaa asubuhi muuguzi alipiga simu ya video. Wangemlaza usingizi na kumtia mrija wa kupumulia, kwa hiyo tulikuwa na dakika tano za kuzungumza naye. Simu niliishika mimi. Masumbuko, yule aliyekataza simu maisha yake yote, alikuwa ameshawasha simu ya Falone irekodi. Muuguzi akamwinulia dada yangu barakoa ya oksijeni.

"Masumbuko," Bibiane alisema, "sikiliza, nataka nikwambie..."

"Ngoja kwanza, mama Falone. Niimbie ile ya pili. Mwanzo tu."

Bibiane alimtazama. Kisha akafumba macho, akaanza. Pumzi ilimkatika mara tatu, mara tatu akaanza upya, na kila mara mumewe alisema, "Ndiyo, endelea."

"Papa, please, stop it," Falone alisema huku analia.

Mimi niliendelea kuishika simu. Nami nilitaka kuisikia, Mungu anisamehe. Muuguzi akamrudishia barakoa, akasema muda umekwisha.

Hakuamka tena. Alikufa Jumatano. Mazikoni tuliruhusiwa watu kumi, na hakuna kuimba.

Kwaya ilipofunguliwa tena, kiongozi wetu Wilondja alimwomba Masumbuko atufundishe ule wimbo. Akina mama walisimama tayari. Akatoa simu, akabonyeza. Kabla ya wimbo ikasikika sauti ya dada yangu: "Masumbuko, sikiliza, nataka nikwambie..." Kisha ya kwake mwenyewe: "Ngoja kwanza."

Akaizima hapo hapo. Akanigeukia mbele ya kwaya nzima, kana kwamba mimi ningejua, akaniuliza dada yangu alitaka kusema nini.