Maabara ya Kutazama

Asidi ilinirukia usoni mchana, maabara imejaa watu. Nakato, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, alikuwa amemimina maji ndani ya asidi kali, badala ya kumimina asidi ndani ya maji. Ikachemka palepale, ikaruka. Jicho langu la kushoto likapofuka.

"Mzee Juma, nisamehe! Sijawahi kuishika!" alilia.

Nilimwamini. Nyie vijana mnaotaka kazi ya maabara, sikieni kwa nini.

Siku yangu ya kwanza kazini hapo chuoni nilitoka mtaani Bwaise na viatu vya kuazima, shule nimeiachia darasa la saba. Fundi mkuu, Bwana Rajabu, alinishikisha bureti, lile bomba jembamba la kioo lenye bilula ya kudondosha dawa tone kwa tone. "Ukivunja, ssebo, bwana wangu, utapuliza nyingine kwa mdomo wako." Enzi zake kila mwanafunzi alishika ya kwake. Walivunja, wakatukanwa, wakajua.

Rajabu akastaafu, akaja Daktari Kibuuka, mkuu mpya wa idara ya kemia. Wanafunzi wakazidi, vyombo vikafungiwa kabatini. Yeye ndiye aliyeleta maabara ya kutazama: mkufunzi mmoja anafanya, umati unazunguka meza, wa nyuma wanaona migongo tu. Halafu wote wananakili majibu yake. Na wengi wao walitoka shule ambako kemia ni ubao na chaki tu.

Nakato aliwahi kuuliza kwa nini rangi ya dawa inageuka. Daktari akacheka mbele ya wenzake: "Nyabo, bibie, shule yenu ilikuwa na mlango kweli? Kariri, utapita."

 Nakato akakariri, akapita, mpaka siku ya mradi wake alipoachiwa chupa ya asidi peke yake.

Nilikuwa nimemwambia Daktari: "Hawa watoto hawajui kushika kitu."

"Wewe osha vyombo, Juma."

Kamati ya kuchunguza ajali ikakaa, ikasema ni uzembe wa mwanafunzi. Nakato akafukuzwa. Mimi wakanistaafisha kwa soda na hotuba, na mtoa hotuba ni Kibuuka huyohuyo. Tangu hapo situlii. Nazunguka mtaa wa Kyebando asubuhi nzima, watu wanadhani nimepoteza mbuzi. Nakato huja kunijulia hali, huongea huku akitazama sakafu.

Daktari Kibuuka, ofisi bado unayo. Rudi mbele ya kamati ileile, Nakato akiwa amekaa pale, useme kwa mdomo wako: nani alimpitisha mwaka baada ya mwaka bila kumpa chombo mkononi?