Kunusa Gari la Viti Saba

Mama wa watoto wangu alinipigia simu nikiwa Kasama, napakua saruji kwenye lori la mtu. Alisema amepata gari la kununua Kashikishi, soko la ufukweni la Nchelenge, gari kubwa la familia, la viti saba, na anataka nije nilitazame kabla hajatoa pesa. Nikamwuliza kwa nini asimwite fundi wa palepale. Akacheka.

"Mafundi ya hapa banalala na samaki. Pua yabo ilikufa zamani. Weye unatoka mbali."

Alikuwa anasema kweli. Ukikaa Nchelenge wiki mbili, husikii tena harufu ya samaki. Chisense, vile visamaki vidogo vya ziwani, huanikwa mchangani hatua chache kutoka barabarani, na harufu yake huingia kwenye shuka, kwenye mkate, kwenye nywele za watoto. Na magari mengi yanayouzwa pale yameshabeba samaki hadi Ndola na Kitwe. Barafu huyeyuka njiani, maji yake yenye damu na ute wa samaki hupenya chini ya zulia, hula bati la sakafu polepole, na kunywewa na sponji za viti. Mwenye gari akitaka kuuza hulisugua kwa sabuni ya unga, na mnunuzi wa ufukweni akiingiza kichwa ndani husikia sabuni tu. Anafika kwa wakwe zake Ndola, anaegesha juani, na mchana majirani wanauliza ni nini kimekufa. Ndiyo maana mtu wa pale akitaka gari hutafuta mgeni wa kulinusa. Shule niliiacha mapema na nyumba sijawahi kujenga, lakini pua ya mgeni ninayo siku zote.

Nilipanda basi la kwanza nililolipata. Njiani nilikuwa najua ninachokwenda kukagua. Tulipoachana, mama wa watoto alikuwa ameolewa na mfanyabiashara wa vitenge, mtu wa Chienge, mpole, aliyekuwa na watoto wake wawili. Huyo bwana alikuwa amehamishia duka lake Solwezi, mbali magharibi, na kupata nyumba nje ya mji, mbali na shule. Walikuwa wameelewana kwamba familia itamfuata siku gari litakapopatikana. Likipatikana, wanangu wanakwenda. Lisipopatikana, wanabaki, angalau mpaka lingine litokee, na magari ya namna hiyo hayatokei kila siku ufukweni. Mimi nimezurura sana, kote mkoani Luapula na ng'ambo ya ziwa kwa Wakongo, Pweto, Kilwa, lakini barabara zote hizo zilikuwa na namna ya kunirudisha Nchelenge. Ya Solwezi hainirudishi popote.

Nilikuwa nimemwambia muuzaji kwa simu asiliguse gari wala kuliwasha kabla sijafika. Injini iliyopashwa moto mapema huficha mengi. Nilipofika asubuhi niliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi kama jiwe. Nikatamani ingekuwa ya moto.

Nilifungua kifuniko cha oili, nikatazama kwa ndani. Maji yakiingia kwenye oili hufanya utando mweupe kama uji wa maziwa. Hapakuwa na utando. Nikamwambia muuzaji azungushe ufunguo nusu, nione kama taa zote za dashibodi zinawaka, kwa sababu wapo wanaong'oa taa ya injini ili isimshitaki mtu. Zote ziliwaka. Gari lilipowaka, zote zikazimika. Moshi ukatoka kidogo, mweupe, mwepesi, ukaisha. Nilikwaruza chini ya milango kutafuta puti ya kuzibia bati iliyofunika kutu. Nikalala chali chini ya gari kutafuta uvujaji. Kila mahali nilipopagusa nilikuwa natafuta ubovu kwa bidii ambayo sijawahi kuwa nayo katika kazi yoyote ya kulipwa, na kila mahali palikuwa pazima.

Muuzaji, Mbemba mnene mchangamfu aliyejifunza Kiswahili kwa kuuziana na Wakongo, alikuwa amechoka kusimama.

"Awe, mukubwa! Unanunua motokari ao unanunua kitanda? Umelala mule tangu asubui."

"Acha alale," mama wa watoto akamjibu. "Ukiwa huna kitu ya kuficha, unaogopa nini?"

"Ninaogopa jua, mama. Na huyu bwana yako."

"Haiko bwana yangu. Iko yaya yangu."

Yaya ni kaka mkubwa. Zamani aliniita baba ya batoto. Sikutoka chini ya gari mpaka uso wangu ulipotulia.

Kisha nikafanya lile nililoitiwa. Niliingia ndani peke yangu, nikafunga vioo vyote, nikafungulia hita mpaka mwisho. Joto ndilo linaloitoa harufu iliyojificha. Nilikunja viti vya nyuma kabisa, vile viwili ambavyo wadogo wangekalia, nikanyanyua zulia na kutia vidole chini yake. Bati lilikuwa kavu, na rangi yake ya kiwandani. Nikabandika pua kwenye sponji. Jasho lilinitiririka. Nilisikia harufu ya mpira wa zulia, ya karanga za kukaanga, ya mafuta ya nywele ya mwanamke fulani. Gari hili lilikuwa limebeba watu maisha yake yote.

Mama wa watoto akaja, akagonga kioo. Nikakishusha kidogo.

"Yaya, iko nini?"

Neno moja tu lilitosha. Ningesema samaki, yangekwisha. Muuzaji angeapa, angewaita jirani zake wote waje kunusa, nao wangesema hawasikii kitu, na nani angewaamini kwa pua zile? Katika soko lile zima nilikuwa shahidi peke yangu. Mama wa watoto alikuwa ameshika ukingo wa kioo kwa vidole vinne, na jinsi alivyokuwa ananitazama nilielewa kwamba hakuwa na wasiwasi nami hata kidogo. Alikuwa na wasiwasi na gari.

"Hakuna kitu," nikasema. "Iko muzuri. Badilisha tu matairi ya mbele, yameliwa upande wa ndani."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akarudi nyuma hatua moja, akapinda magoti kidogo na kupiga makofi laini, namna wanawake wa huku wanavyomshukuru mgeni aliyewatendea wema. Miaka yote tuliyoishi pamoja hakuwahi kunishukuru hivyo. Watu wa nyumba moja hawashukuriani hivyo.

Alilipa, na baada ya siku mbili wakafunga mizigo juu ya gari. Asubuhi ya kuondoka nilimwita binti yangu mkubwa mbele ya gari, nikamwonyesha kijiti cha kupimia oili: unakichomoa, unakifuta, unakirudisha, unakichomoa tena, ndipo unasoma. Kila Jumamosi, injini ikiwa baridi. Alikuwa msikivu, mwenye maswali mengi kama mimi. Akataka kujua kwa nini mara ya kwanza haihesabiki. Akataka kujua oili inakwenda wapi inapopungua. Akafuta kijiti kwenye sketi yake, mama yake akamkaripia kutoka kwenye usukani.

"Na ikipungua sana," akaniuliza, "tuite nani?"

Nikamwambia Solwezi ni mji mkubwa, mafundi wamejaa, fundi yeyote atafaa.

Akaitikia kwa kichwa. Akashusha boneti mwenyewe, akaikandamiza kwa mikono miwili mpaka ikalia, kisha akazunguka na kwenda kukaa na wenzake.