Herufi K Iliyochipua kwa Ta Kaijage

Chekeni tu, jamani, aibu yangu nimeshaizoea, maana hata leo nikipita Kishanda kuna watu wazima na mvi zao wananiita "Mwalimu wa mipaka, hujambo?" na mimi naitika sijambo, nitafanyaje. Lakini nawaambieni kweli, mambo yenyewe yalipokuwa yakitokea sikuelewa hata moja, na mengine mpaka sasa sijayaelewa vizuri.

Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, nimeolewa Kishanda nikitokea Kashai, mjini Bukoba (Mhaya ndiyo, lakini Mhaya wa kununua ndizi sokoni). Mume wangu alikuwa dereva wa serikali huko huko mjini, anakuja mwisho wa mwezi, nami nimebaki kwenye kibanja, katikati ya migomba na kahawa, na binti yetu Koku. Koku alikuwa anaitamani shule hadi analia, basi nikampeleka akaandikishwe darasa la kwanza, na mwalimu mkuu akamwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Mkono ukaishia kwenye nywele. "Mrudishe, mama, bado mdogo." Mtoto akaangua kilio mbele ya wenzake wote, mimi nikabembeleza, nikabembeleza, mpaka mwalimu akalainika: "Haya, kamfundishe herufi. Mvua zikiisha umlete. Nikiandika herufi moja ubaoni akaitaja, nampokea, habari ya mkono tutaisahau."

Basi nikafungua shule yangu. Ubao sina, chaki sina, ndani kuna giza na moshi wa jikoni, kwa hiyo darasa likawa nje. Tulihesabu punje za kahawa, tulipanga majani kwa ukubwa, tulitega sikio kujua ndege gani analia wapi, tulifuata siafu tuone wanahamia wapi (siku hiyo tuliwaona kwa karibu mno, nikavua gauni mbio nyuma ya migomba). Mtoto anafurahi, mama naye anajiona mwalimu kweli kweli. Zikabaki herufi zenyewe.

Kando ya njia palikuwa na fimbo za mulamula, mtu kazikata akaziacha. Mulamula ni ule mti mwembamba wa majani marefu yanayong'aa, Kashai nilikuwa nikiuona kwenye nyua nikadhani ni pambo. Fimbo zimenyooka, zinaingia ardhini bila shida, nikasema hizi ndizo chaki zetu. Tukachagua ukanda wa majani kati ya kibanja chetu na cha jirani, Ta Kaijage, mzee mpole aliyekuwa akimpa Koku mapera, tukaandika K ya Koku, kubwa, ya kutembea ndani yake. Mgongo wa K ukasimama kwenye majani na mikono yake miwili ikaingia kidogo kwenye kahawa ya mzee (kidogo, nasema mimi, wao walisema vingine). Mvua zikanyesha, fimbo zikachipua, tukapiga makofi. Herufi yetu ilikuwa hai.

Sasa, kitu ambacho kila mtoto wa Kishanda anakijua, na mimi mtu mzima sikukijua, ni kwamba mulamula ndio mpaka. Haupandwi ovyo. Unapandwa mbele ya wazee na mashahidi, na ukishashika mizizi umeshasema ardhi ni ya nani. Na siku zile kulikuwa na uvumi kwamba serikali itapima mashamba upya, kila mtu alikuwa roho juu.

Ta Kaijage akaja, akasimama, kofia mkononi.

"Mama Koku, waitu, hii mulamula kaipanda nani?"

"Mimi na mtoto, waitu!" nikajibu kwa fahari, nikimrudishia na waitu yake ya heshima.

"Kwa amri ya nani?"

Nikajua anaulizia masomo. "Ya mwalimu mkuu."

"Na mmemaliza?"

"Aa, wapi! Ndiyo kwanza tumeanza. Bado nyingi, tutashuka nazo hivi hivi mpaka kule kisimani."

Mzee akaondoka bila kuaga. Nikabaki najiuliza nimemkosea nini, au ni kwa sababu sikumkaribisha kahawa ya kutafuna?

Kesho yake asubuhi jirani mwingine, mama mmoja ambaye hata salamu yake ilikuwa ya shida, akaniletea mkungu mzima wa ndizi, akaninong'oneza, "Unikumbuke, na mume wako umwambie anikumbuke." Nimkumbuke vipi wakati yuko mbele yangu? Nikashukuru, nikazipika. Nikitoka njiani naona wanaume wanapanda mulamula huku na huku, mbio mbio, ndugu wawili wa baba mmoja wanafokeana juu ya fimbo mbichi, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia Koku, "Tazama, na wenzetu wameanza kuwafundisha watoto!" Nilijaribu hata kuzisoma herufi zao. Sikuona herufi yoyote, nikawahurumia.

Ndipo mkutano ukaitishwa, pale pale penye K yetu. Kijiji kizima. Mwenyekiti akaanza, "Ndugu mama, nani alikupa kazi ya kupima ardhi ya wananchi?"

"Kupima nini, ndugu mwenyekiti?"

Watu wakaguna. Ta Kaijage akasimama. "Mke wangu nimemzika kwenye kibanja hiki. Kama serikali inakitaka, ije iniambie yenyewe, isinitumie mwanamke na mtoto."

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilimtazama yule mzee wa mapera, macho yamemlowa, na bado sikujua nimefanya nini, nilijua tu kwamba ni mimi. Nikasema, kwa sauti ndogo kabisa, "Hii ni K."

"Ni nini?"

"K. Herufi. Ya Koku."

Wakanitazama kama mtu aliyeshikwa na homa. Koku ndiye aliyepanda juu ya kichuguu kilichokuwa pale kando akaonyesha kwa kidole, na mama mmoja wa kisomo cha watu wazima akamfuata, akainamisha kichwa upande, akapiga kelele, "Jamani, ni K kweli! Ile ya kalamu!" Wakaanza kupanda kichuguu mmoja mmoja, wakishuka wanacheka mpaka wanakaa chini. Hata mzee alipanda, akashuka akifuta macho, akanipa mkono. Mama wa ndizi peke yake hakucheka, alikuwa ananitazama tumboni, zilikoishia ndizi zake.

Nikaona nimalize kabisa, nikashika fimbo moja niing'oe. "Usiguse!" Kijiji chote kwa pamoja! Kumbe kung'oa mulamula ni kosa kubwa kuliko kuupanda. Wazee wakabishana mpaka jua likapoa, je, huu ni mpaka au si mpaka, kama haukupandwa na wazee, wazee hao wanaweza kuung'oa, na nani awe shahidi wa kutokuwepo kwa mpaka. Wakarudi siku nyingine, na nyingine tena, wakanywa rubisi yangu, pombe ya ndizi, kila mmoja akiinyooshea K yetu kidole akisema mpaka, mpaka, mpaka, na Koku ameketi kati yao anasikiliza kwa makini, mwanafunzi mzuri kama kawaida yake. Mwisho wakaing'oa wenyewe.

Mvua zikaisha. Nikamvisha gauni la kanisani, tukaenda shule. Mwalimu mkuu akashika chaki, akafikiri kidogo, na katika herufi zote za dunia akaandika K. Nikajizuia nisipige vigelegele.

"Haya, binti, hii ni nini?"

Koku akasimama wima, akajibu kwa sauti ya mkutano:

"Huu ni mpaka wa Ta Kaijage!"

Mwalimu akanigeukia mimi. Nilifungua mdomo nieleze, nikafikiri nianzie wapi, kwenye siafu au kwenye mulamula, nikamshika Koku mkono tukarudi nyumbani.

Koku alingoja nyumbani mwaka mzima, hadi mkono ukafika sikioni. Herufi zote nilimrudishia upya, kwa kidole, kwenye vumbi la uani, na kila tulipomaliza nilichukua ufagio nikazifuta. Vumbi halichipui.