Mkongwe wa Tenisi Aliyemzuia Baba Kukaa

Ile televisheni niliinunua kwa hila. Baba alikuwa ameanguka mtoni akipeleka ng'ombe mnadani, akaumia nyonga, na muuguzi wa zahanati akamwambia waziwazi: mzee, ukianguka tena hutatembea. Baba akamshukuru, akamuuliza kwao ni wapi, akaambiwa ni kusini huko, akamwonea huruma kwa kutoka kusikofugwa ng'ombe. Haukupita mwezi, yuko njiani tena na fimbo yake. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, natoa mizigo ya watu forodhani Sirari, na nilijiona mjanja kweli: mzee wa kijijini Nyansurura akipata sola, king'amuzi na kochi, atatulia.

Akatulia. Shida ni alichotulia nacho. Mpira wa miguu aliukataa siku ya kwanza, eti watu wazima wote wale wanagombania kitu kimoja. Akabonyeza rimoti mpaka akakuta tenisi, akapiga kambi hapo.

"Kumi na tano, thelathini, arobaini," akaniambia nilipokuja kumsalimu. "Anayehesabu hapo ni mwizi. Aje mnadani, tutamfunga kabla ya saa nne."

Lakini alishapata mtu wake: mkongwe mmoja ambaye wenzake wote wamestaafu, na yeye bado anavunja rekodi, taji juu ya taji. Baba akampima kwa rika, kama wazee wa Kikurya wanavyompima kila mtu. Vijana waliochapwa na mkongwe walikuwa wa rika la chini, na mtu wa rika la chini husubiri mpaka rika la juu limpishe. Mchezo ukiisha, wakipeana mikono kwenye wavu, baba ananyoosha kidole: "Umeona? Anamwamkia!"

Nikamweleza kwamba rekodi ni idadi tu ya mataji, hazimletei mtu ugali.

"Ninyi wa forodhani mnaona idadi tu," akasema. "Yule anawaambia hajapisha."

Na kila Alhamisi akaendelea kuswaga ng'ombe wake mpaka mnadani. Nikigomba, jibu lipo tayari: "Yule mzungu kwa kazi yake ni babu. Mbona hajaambiwa akae?" Loo! Nilinunua kochi na televisheni kwa jasho langu, na mtu aliyemo ndani yake anamwinua mzee wangu. Nilimchukia yule mkongwe kama vile amenidhulumu shamba.

Ikaja fainali, Jumapili alasiri. Akishinda, anavunja rekodi iliyobaki. Mpinzani wake kijana mbichi kabisa. Nikafunga safari kutoka Sirari, nikakaa kando ya baba yangu mzazi, nikala ugali wa nyumbani kwake, na kimoyomoyo nikamwombea yule kijana.

Maombi yangu yalisikilizwa upesi mno. Mkongwe akaanza kuburuta mguu. Akawa anafika kwenye mpira umeshapita. Mkono wa baba ulienda wenyewe kwenye nyonga ukabaki hapo. Mama akaleta chai, akatuangalia, akarudi nayo jikoni.

Kijana akashinda. Kwenye wavu mkongwe akamshika kichwa, akamnong'oneza sikioni.

"Amemwambia nini?" baba akauliza.

"Sijui, tata. Hatukusikia."

"Amempisha." Akazima televisheni. "Alhamisi utapeleka wewe."

Nilichokitaka mwaka mzima nikawa nacho, na nikaona aibu hata kumwangalia usoni.

Alhamisi nikaomba ruhusa kazini, nikaswaga. Aisee, ng'ombe wanamjua mtu wa ofisini. Kwenye kivuko walinigeuka wote, na wanawake waliokuwa wakifua wakacheka mpaka wakaacha nguo. Niliuza, kwa bei ambayo baba angeitukana, nikarudi jioni nimechafuka mpaka shingoni.

Nilimkuta kwenye kochi, televisheni imezimwa. Amevaa koti lake la mnadani, kofia, na viatu vya ngozi vya kufunga kamba. Mama akaniambia alivaa alfajiri, mimi nikiwa bado zizini, akakaa hivyo kutwa nzima.

"Umeuza?"

"Nimeuza, tata."

"Vizuri."

Akainama kufungua kamba za viatu. Mkono haukufika. Akajaribu tena, akaacha, akaangalia ukuta. Nikapiga magoti pale chini na tope langu, nikamvua viatu.