Pipa la Mbege

Tope lile lilinuka kama kitunguu saumu kilichooza. Mafundi wa kuchomelea vyuma wa mtaa wa Sakina walikuwa wakilimwaga mtaroni. Ni tope jeupe linalobaki mawe ya kabaidi yakishatoa gesi ya kuchomelea. Kiwanda cha umma alichofanyia kazi mume wangu kilikuwa kimeuzwa, naye akarudishwa nyumbani na cheti chake cha kemia. Akaanza kulizoa tope hilo kwa ndoo na kulileta uani kwangu.

"Mama watoto, tope hili ni kichocheo," alisema. "Nikilichoma, nikalichanganya na spiriti na mafuta ya mbono, tunapata dizeli. Mashine itasaga."

Mashine ya kusaga ndiyo iliyotulisha, na dizeli ilikuwa ikipanda bei kila kukicha. Kwa hiyo nilivumilia. Nilivumilia vumbi jeupe kwenye nguo nilizoanika, mafuta yaliyonata kwenye vitasa vya milango, na kuku waliokunywa nisichokijua wakafa midomo wazi. Nilitapika kuliko nilipokuwa na mimba. Sharti langu lilikuwa moja tu, pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, asiliguse. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, nilimwambia, akacheka.

Kipaimara cha mtoto wetu wa kwanza kilipokaribia, nilichemsha ndizi, nikapika ulezi, nikaanza kuandaa mbege.

"Pipa hili hukulitumia?" nilimuuliza.

"Wala," akajibu, macho yakiwa kwenye chupa zake.

Siku yenyewe ua ulifurika. Kwetu mwenye pombe ndiye huonja kwanza, wageni wakimtazama, ndipo kata ya kunywea ipite. Mume wangu alipewa kata, akaipeleka mdomoni, akaishusha. Akaipeleka tena. Jasho lilimtoka puani.

"Vipi, mkwe?" baba yangu aliuliza. "Onja bwana, tuna kiu."

"Msinywe, mzee. Nilichanganyia mambo yangu humo, spiriti na yote. Nililiosha, lakini..."

Mbege yote ilimwagwa migombani. Wageni walikunywa soda, wakaondoka wakisema Mungu ni mwema. Mimi nilisimama kando ya pipa. Siku zote zile alinitazama nikikoroga, akanyamaza. Isingekuwa mila ya kuonja, baba yangu angekunywa.

Dizeli yake ilifanya kazi, hilo nalisema japo linaniuma. Injini iliwaka, watu wakasagiwa mahindi, naye akaitwa mtaalamu. Mpaka leo anajivunia.

Siku hizi asubuhi yeye ndiye hunimiminia chai. Nakisukuma kikombe mpaka mbele yake.

"Onja kwanza," namwambia.

Naye huonja.