Mwizi Aliyetoa Shikamoo

Jamani, chekeni tu, nimeshazoea, maana siku hizi nikishuka kwenye gari pale Kilosa kuna kina mama wanaoniita "mwizi wetu" halafu wananiuliza habari za Mikumi, na mimi naitika, nitafanyaje, kuitika ndiko kulikoniponza tangu mwanzo.

Mimi natunza stoo ya nyumba ya wageni huku Mikumi, nahesabu mashuka na sabuni Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili naenda Kilosa kwa rafiki yangu Mwajuma, mwalimu wa sekondari, kucheza mchezo alioujifunza chuoni Morogoro. Mnakaa mezani, Mwajuma anasimulia, kila mmoja ana mtu wake wa kubuni na anasema mtu huyo anafanya nini, na penye shaka dadu ya pande ishirini inaamua, namba ikiwa kubwa umefaulu. Sheria ya meza yetu ni kali: lililotoka mdomoni mwako limetoka mdomoni mwa mtu wako, hakuna kusema nilikuwa natania. Pili, fundi cherehani, ana askari mwenye nyundo. Shomari, anayepima miwa Kidodi, ndiye mwizi wetu, anayenyemelea na kufungua makufuli. Mimi ni mtabibu, naomba dua na kufunga vidonda, tena navaa nguo za chuma, nikitembea nalia kama ndoo ya vyombo inayopelekwa bombani.

Sasa Jumapili ninayoisimulia haikuwa ya mchezo mchezo. Baba yake Mwajuma, Mzee Sefu, mtu wa swala tano, aliyekuwa mlinzi wa stesheni miaka mingi kabla hajastaafu, alisikia kwamba sebuleni kwake watu wanarusha dadu. Akaja, akavuta kiti, akakaa.

"Nitaangalia," akasema. "Nikiona ni kamari, hizo dadu zenu mtakwenda kuzichezea stendi."

Hakuna aliyecheka. Pili anaishi chumba kimoja na cherehani yake, mimi nalala nyuma ya stoo, mchezo tungeuhamishia wapi? Na niseme ukweli, Jumapili ndiyo siku pekee kwenye wiki yangu ninayocheka mpaka mbavu ziniume, nilikuwa naogopa kuikosa kuliko nilivyoonyesha.

Ndipo Shomari akapiga simu, pikipiki imemfia njiani, atachelewa. Mwajuma akasema tumsubiri, tunywe chai kwanza. Hapo ningenyamaza ningekuwa mtu wa heshima mpaka leo, lakini nikatazama jinsi mzee alivyokuwa akiangalia saa yake, nikasema, "Wizi nao ni kazi ya kumsubiri mtu? Leo nitaushika mimi."

"Wewe Beno?" Pili akauliza. "Na hayo mabati yako?"

"Nitayavua."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: chifu mmoja mroho amechukua mbegu zote za kijiji na kuzifungia ghalani, mvua inakuja, tukishindwa watu watalima patupu. Nikajipanga vizuri kweli (msinidharau). Nina dua moja ya ukimya, ukiiweka mahali hapasikiki hata kikohozi. Nikaiweka kwenye mlango wa nyuma wa ghala, Pili agonge kufuli kwa nyundo mpaka livunjike na asisikike, na mimi nipite mbele, nichukue ufunguo wa geti la kutokea, ambao umetundikwa nyuma ya kiti cha mlinzi. Nguo za chuma nikavua. Mambo yakawa yanakwenda! Hata mzee akaanza kuinamia meza.

Mwajuma, ili baba yake aone hapana pesa wala kamari, akamwambia, "Baba, wewe uwe huyo mlinzi. Umekaa tu, hujasikia kitu."

"Hiyo kazi naijua," akasema mzee, akaweka miguu sawa.

Nikarusha dadu. Kumi na tisa! Pili akapiga meza, Mwajuma akasema sionekani wala sisikiki, nipite tu. Sifa zikanipanda kichwani. Badala ya kusema "napita" nikavua viatu nionyeshe nanyata vipi (soksi ya kushoto imetoboka, kidole gumba kinachungulia nje), nikainama, nikaanza kuzunguka kiti cha Mzee Sefu hatua kwa hatua huku wote wamebana pumzi.

Nilipofika mbele yake, mzee akakohoa. Kidogo tu, kikohozi cha mtu mzima aliyekaa kwake.

Sasa nyie niambieni, mtu uliyelelewa na bibi aliyekuwa anakurudisha mlangoni uingie upya kama hukusalimia, unapita mbele ya mzee, mzee anakohoa, unafanya nini? Nilisimama wima, nikaunganisha mikono, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba," akajibu bila kupepesa macho. "Hujambo?"

"Sijambo."

"Utokako wazima?"

"Wazima kabisa, mzee."

(Pili alikuwa ananikodolea macho. Mimi nikadhani ananisifu kwa adabu.)

"Umekuja peke yako?"

"Hapana mzee, nipo na mwenzangu."

"Mbona haingii kusalimia?"

"Yupo mlango wa nyuma."

"Anafanya nini?"

"Anavunja kufuli."

Nilisikia maneno yakitoka na sikuweza kuyarudisha. Mwajuma akawa amejifunika kanga usoni, mabega yanacheza. Mzee Sefu akamgeukia kwa utulivu, akauliza, "Mlinzi anaruhusiwa filimbi?" Mwajuma akatikisa kichwa kukubali, na mzee akaingiza mkono mfukoni, akatoa filimbi yake ya stesheni, ya chuma kabisa, akaipuliza kwa pumzi yote ya kustaafu kwake.

Mtaa ukaja. Kina mama waliokuwa wanamenya mihogo uani wakaja na visu, jirani akaja na povu la sabuni kidevuni, madirisha yakajaa vichwa, "Mwizi yuko wapi?" na katikati ya sebule nimesimama mimi, viatu kwapani, kidole gumba nje, mikono bado imeungana. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikajua basi, mchezo umekwisha, nimewafukuzisha wenzangu kwa mdomo wangu.

"Mwizi ni huyu," Mzee Sefu akawaambia, "lakini hana neno, amesalimia." Halafu akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kwenda nyumba ile nikamwona anatabasamu. "Nimelinda stesheni maisha yangu yote, sijawahi kuibiwa na mtu wa namna hii. Kamari ina watu wajanja. Hapa kamari hakuna."

Watu walikuwa bado wanacheka pale Shomari alipoingia mbio, vumbi mpaka kwenye kope, akapita katikati ya wazee na kina mama bila kumtazama yeyote, akajitupa kwenye kiti.

"Oya, tumefika wapi? Nani kashika nafasi yangu?"

Mzee Sefu akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele, akaipandisha filimbi taratibu mdomoni.

"Huyu," akasema, "hata kuuliza siulizi."

Mbegu za kijiji hatukuzipata siku hiyo, tulilala rumande ya chifu mimi na Pili, na Pili hajanisamehe mpaka leo. Ila sebule tunayo, na kila Jumapili mzee anavuta kiti chake mapema kutuzidi. Mimi wizi nimeacha. Shomari akichelewa tunamsubiri, chai inapoa, mvua ya kwenye mchezo inanyesha, tunamsubiri. Juzi Pili alisema nijaribu tena, nikakataa katakata, nikaapa mbele ya wote kwamba mimi ni mtabibu na nitakufa mtabibu. Mzee Sefu akakohoa, na kabla sijajua nimeshasimama, mikono imeungana.