Anayeleta Kibuyu Huonja Kwanza

Msinieleze habari ya mkimbizi kurudi kwao. Mimi Verediana kwangu ni nyuma ya kile kilima, mwendo wa saa moja, na tangu Operesheni ya mwaka sabini na nne siruhusiwi kulala huko. Tulisombwa, tukapangwa mistari hapa Bugarama kando ya barabara, na migomba yangu ikabaki kwenye mahame inalisha ngedere. Nchi yangu haikuwa hata na vita. Basi mtu akisema "kwao kumetulia, arudi," mimi humtazama mdomo tu.

Lakini leo sisemi habari zangu. Nasema za Nimpaye, wifi yangu wa kwenye daftari.

Alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, mwezi wa sita, ana mimba ya miezi mitano na jembe lisilo na mpini. Mume wake, mwalimu, aliitwa kwa jina, akapandishwa lori pamoja na wenzake, na hakuna aliyemwona akishuka. Siku zile wakimbizi walikuwa wanakusanywa na kupelekwa makambini, mbali huko Tabora. Nimpaye alikaa chini ya migomba ya baba mkwe wangu, mzee Ansbert, akakataa kunyanyuka.

"Miguu imekwisha, baba," alisema.

Mzee alimtazama, kisha akawaambia waliokuja kumchukua: "Huyu ni binti yangu. Ameachika, amerudi nyumbani." Kirundi na Kihangaza chetu vinasikilizana, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Mtoto alipozaliwa, mzee akampa jina la Audax. Operesheni ilipofika, waliandika kwenye daftari la kijiji: Nimpaye binti Ansbert, mtoto mmoja. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilinyamaza. Sisi ni wasengenyaji wakubwa, lakini hilo halikutoka.

Alikuwa mtu wa kazi na wa maneno. Kwenye shamba la ujamaa, wanaume wakiegemea majembe, aliwauliza kama wanangoja mahindi yawaamkie. Jioni tu ndipo maneno yalipomwishia. Aliepua chungu, akasimama mlangoni kutazama upande wa kwao.

"Ile migomba ni mingi, wifi," aliniambia siku moja. "Na ni ya Audax."

Hilo ndilo lililomfunga. Huku mtoto ana babu wa kuazima na kiwanja cha mstarini. Kule ana shamba la baba yake, na baba yake hana mrithi mwingine.

Mwisho wa mwaka sabini na nane vita ya Kagera ilianza huko kaskazini. Vijana wetu walichukuliwa, mgambo wakakaa njiani, na mtu asiye na barua ya balozi wa nyumba kumi alishikwa kama mpelelezi. Balozi wetu alikuwa mume wangu, Theonest. Mzee Ansbert tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Ndipo akaja Gahungu, mdogo wa marehemu mume wa Nimpaye.

Kilichotuponza ni adabu yake. Alikuwa na barua ya kwao, imegongwa muhuri Murusagamba, mpakani upande wetu, na kabla ya kumwona shemeji yake alipita ofisini kama mgeni mwema, akamweleza katibu wa kijiji kuwa amekuja kumchukua mkimbizi wake. Katibu mwenyewe, bwana Shibuda, alikuwa Msukuma aliyehamishiwa kwetu mwaka uleule. Hakuwa mtu mbaya. Afadhali angekuwa mbaya, tungemchukia tukapumzika.

Alimwita Nimpaye, na sisi tukamsindikiza.

"Mama, daftari linasema wewe ni binti wa hapa," alisema. "Mgeni anasema wewe ni mkimbizi. Kama ni mkimbizi, kwenu kumetulia, hata redio imesema. Nitakuandikia barua ya kuondoka na jina nitalifuta. Hutaki kurudi, lipo gari la kwenda kambini. Nijibu Ijumaa."

"Siwezi kwenda kuchungulia kwanza, halafu nikarudi?"

"Wakati huu wa vita? Barua ni ya kwenda tu, mama." Kisha akaongeza kwa upole, "Mkataa kwao ni mtumwa."

Siku tatu hizo sizitamani hata kwa adui yangu. Nimpaye alifunga mizigo, akaifungua, akaifunga tena. Akirudi, pengine anampeleka mwanawe kwenye lori lililomchukua baba. Akikaa, anapelekwa kambini na mtoto anapoteza shamba. Theonest naye alikuwa haongei, kwa sababu balozi aliyemficha mkimbizi wakati wa vita angefungwa. Nilikasirika nikamwambia hafanani na baba yake. Papo hapo nilijua nimemwonea.

Alhamisi jioni Gahungu alitutolea kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi za kwao. Kwetu na kwao mila ni moja: anayeleta kibuyu huonja kwanza, ili mnywaji ajue hakuna sumu. Gahungu akaonja, akafuta midomo, akaanza kuisifu nchi. Serikali ni mpya. Masoko yamejaa. Watu wanaoana.

"Lakini shamba la kaka lina magugu," alisema. "Lisipokaliwa na wenyewe kufikia mwaka mpya, wataligawa."

Nimpaye alikuwa ameshika mrija, hajanywa.

"Pombe umeionja, shemeji," alisema. "Na nchi je? Febronia na wanao wanalala wapi?"

Febronia ni mke wa Gahungu. Gahungu akainamia kibuyu.

"Wako Murusagamba," alisema mwishowe. "Kwa sasa. Nitawavusha nikishaona."

"Ukishaona nini? Ukishaona mimi na Audax tumeamka salama?"

Yule mwanamume akalia mbele yetu. "Mimi mwenyewe nalala kwenye mtama, shemeji," alisema. "Nyumbani naingia mchana tu. Lakini shamba linakwenda, na kaka ana mtoto. Nifanyeje?" Tulikunywa ile pombe kwa sababu ilikuwa imeshaonjwa.

Ijumaa tukaenda ofisini sote. Katibu akafungua daftari, akamwonyesha Gahungu kwa kalamu.

"Mama, huyu ni shemeji yako?"

"Simjui mtu huyu," Nimpaye alisema.

Shamba la Audax lilikwenda pale pale, kwa maneno matatu. Katibu akamgeukia Gahungu.

"Barua yako inasema umekuja kumchukua shemeji. Kama si huyu, umekuja kufanya nini nchini mwetu wakati wa vita?"

Mgambo aliyekuwa mlangoni akasogea. Nimpaye akafungua mdomo kuyarudisha maneno yake, lakini Gahungu alimwahi.

"Nimekosea," alisema. "Siye. Shemeji yangu mimi alikuwa mfupi."

"Balozi?" katibu akauliza.

Theonest alikohoa. "Ni dada yangu, bwana katibu. Baba aliniachia mimi." Siku ile nilimpenda kuliko siku aliyonioa.

Shibuda alitutazama mmoja mmoja. Nadhani alijua. Akafunga daftari, akawaambia mgambo wampeleke mgeni Ngara, wakubwa wakamhoji.

Walimpitisha barabarani, mbele ya nyumba zetu, mikono imefungwa kwa kamba ya katani. Audax alikuwa akitoka kisimani. Mtoto wa miaka sita utamficha nini? Siku tatu alikuwa amekalishwa magotini mwa Gahungu akisimuliwa habari za baba yake. Akatua ndoo, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba mdogo."

Mgambo wakasimama. Gahungu akacheka, kicheko kikavu. "Watoto wa huku wana adabu," aliwaambia. "Kila mgeni kwao ni baba mdogo." Akapita. Hakuitikia marahaba. Audax alibaki ameinama anaingoja.

Baada ya wiki mbili tulisikia wamemwachia, yuko Murusagamba kwa mkewe. Shamba liligawiwa mwaka mpya ulipoingia, kama alivyosema. Lakini siku ile hatukuyajua hayo. Nimpaye alikuwa amesimama nyuma yangu, ameushika mlango kwa mikono miwili.

"Wifi," alisema, "mwaka ule nilikimbia lori tu. Kwetu nimekukimbia leo."

Nikamwacha alie, nikaenda kumtwika mtoto ndoo yake.